Kanga Mbele ya Kamera

Pwaa! Hivyo ndivyo kanga ya bibi yangu ilivyolia alipoikung'uta hewani kwa mikono miwili, mara moja tu, kama mtu anayetandika kitanda kwa hasira. Sauti hiyo niliisikia usichana wangu wote, na kwa miaka mingi sikujua kwamba ni ya kanga. Nilidhani inatoka ndani ya kichwa changu. Juzi, tulipokuwa tukigawa nguo za marehemu Bibi katika fleti yetu ya Al Nahda, jirani mmoja alinyanyua kanga kutoka sandukuni akaikung'uta kutazama kama ina matundu, nami niliyekuwa nimekaa na kikombe cha chai ya tangawizi nikajimwagia chai yote mapajani. Wanawake wakaruka. "Umeungua?" "Si chai," nikawaambia, "ni hiyo kanga. Nipeni." Wakadhani ni majonzi, wakanipa, wakaendelea na makashida na mashungi. Majonzi yalikuwemo, sikatai. Lakini ilikuwa ndiyo yenyewe, ya michoro ya korosho nyekundu juu ya weupe uliokwisha geuka rangi ya maziwa, na ndani ya mikunjo yake ulikuwemo mwaka mzima wa maisha yangu.

Mwaka ule ulikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye kicheko kingi na skuli kidogo. Skuli yenyewe niliiacha mapema kwa sababu walimu walichoka kunidaka nikianguka. Kazi yangu ilikuwa kutia shanga kwenye mabuibui ya duka moja la ushonaji hapo mtaani, na niliifanyia dirishani, ghorofa ya juu, juu ya barabara iendayo Sharjah. Kidole gumba cha mkono wa kushoto, kile kinachoshika kitambaa kutwa, kilikuwa kikifa ganzi na kunitekenya, nami nikikinyonya kidogo nikaendelea. Chini kulikuwa na foleni isiyokwisha. Watu wote wa Al Nahda wanailaani foleni ile, mimi nikiipenda. Nilichagua gari: leo lile jeupe, kesho lile la kijani lenye mdoli kwenye kioo, nikajiona ndani yake peke yangu, kiwiko nje, nikimtukana kwa adabu aliyenipita vibaya. Mwenye kifafa hapewi leseni, nilijua hivyo, na bado kila siku niliendesha. Bibi akipita na sinia huuliza, "Umefika wapi leo?" Namjibu, "Niko Ras Al Khor, Bibi, natafuta kioo cha pembeni, wamenivunjia." "Haya, geuza gari uje ule."

Kwetu mtu akianguka kifafa hufunikwa. Hakuna ubaya ndani yake. Hufunikwa kama anavyofunikwa mtu anayevua nguo, ili macho ya watu yasimguse. Tangu nilipoacha skuli, Bi Shuwena, bibi yangu, hakuniacha peke yangu hata mara moja, si nyumbani, si sokoni, si kwenye metro, na kanga ile ilikuwa naye popote, imefungwa kiunoni chini ya buibui. Mimi nilikuwa nahisi tu kwamba inakuja, nisijue najuaje. Nasema, "Bibi, inakuja," halafu hapohapo kitu kinapasuka hewani, pwaa, kisha giza, kisha harufu ya udi, nzito, tamu, imenijaa puani mpaka kooni, na baada ya hapo sina habari. Nikizinduka nakuta nimefunikwa, naye ameketi pembeni anapepea. Tangu nilipomwambia habari ya ile harufu, Bibi aliamini yake. "Huyo ni ruhani," alisema. "Ruhani anapenda udi. Anaomba." Basi akawa anampa. Kila Alhamisi chetezo kilizunguka fleti nzima, mapazia, mito, nguo za kuvaa na za kujifunika, mpaka majirani wa mlango wa pili, watu wa Peshawar, wakauliza kama tuna harusi. Na mimi nikazidi kuisikia ile harufu, kali kuliko mwanzo, naye akazidisha udi.

Daktari aliyetupokea hospitalini mwaka ule alikuwa Msudani mrefu mwenye sauti ya chini, Daktari Hatim. Alizungumza Kiarabu na Bibi, Bibi akanigeuzia Kiunguja, nami nikajibu kama mtu anayesimulia filamu: kwanza kitu hupasuka hewani, kisha giza, kisha harufu ya udi. Nakumbuka alivyofurahi. Aliweka kalamu chini akasema harufu ni dalili kubwa, kwa sababu katika ubongo kuna pahala ndani, usawa wa sikio, panaposhughulika na harufu, na kifafa kinachoanza kwa harufu mara nyingi kinatoka hapo. Picha za mashine zilikuwa hazionyeshi kovu lolote. Yeye na wenzake walikuwa kwenye utafiti wa namna sehemu za ubongo zinavyopashana habari, na alisema kama tutapata pahala penyewe, huenda pakatolewa kwa upasuaji, na kifafa kikaisha. Kiishe! Mimi tayari nilikuwa nimeshawasha gari. Lakini kwanza, akasema, sharti nilazwe kwenye chumba chenye kamera, nigandishwe nyaya kichwani, nipunguziwe dawa, nisiachwe kulala sana, ili kifafa kije wakione. Bibi akanigeukia. "Amesema wanataka uanguke." "Wanataka?" "Ndivyo alivyosema. Nimeishi mpaka leo, sijaona hospitali inayoomba maradhi yaje."

Chumba kile naweza kukichora hata sasa. Kitanda chenye vizuizi vilivyovishwa sponji, dirisha lisilofunguka, televisheni iliyokwama kwenye mapishi ya Kihindi, na juu pembeni, jicho jeusi la kamera ambalo Bibi alilipa mgongo kila alipobadili shungi. Nyaya alinigandisha fundi wa mashine, Mhindi mmoja wa Kerala, mwepesi wa mikono, aitwaye Bindu, kwa gundi inayonuka kama rangi ya kucha. Nilifanana na mti wa taa. Chakula cha hospitali kilikuja na vifuniko vya chuma, wali mweupe na kuku asiye na ladha ya kitu, na Bibi alikinusa, akakisogeza, akafungua chupa yake ya uji wa pilipili manga na mkate wa kumimina. Hospitali ilitaka awepo mtu wa kubonyeza kitufe pale inapoanza, ili mashine iweke alama. Bibi alipokwenda kusali, rafiki yangu Prossy ndiye aliyeshika kitufe. Prossy alikuwa Mganda, mlinzi wa jengo letu, Mkristo wa kuimba, na siku zake za mapumziko alizitumia kwangu, amekuja na chapati iliyokunjiwa mayai. Prossy alimwita Bibi yangu Jjajja, yaani bibi kwa lugha ya kwao, na Bibi akaitika kama vile jina lilikuwa lake siku zote. Tulingoja. Siku zikapita. "Msijali," Prossy akasema, amekaa wima na kitufe mkononi kama amekamata mwizi. "Mimi ni mlinzi. Kazi yangu ni kungoja kitu ambacho hakiji."

Kilikuja mchana, Bibi akimenya chungwa. "Bibi, inakuja," nikasema. Pwaa. Giza. Udi.

Nilipozinduka chumba kilikuwa kimejaa watu, na Bindu amejishika kichwa kwa mikono miwili. "Khalas, mama, khalas!" alikuwa akisema, karibu kulia. "Kamera haioni! Haioni kitu!" Kwa siku zote zile za kukesha na kunyimwa dawa, walichopata kwenye video kilikuwa korosho nyekundu zinazotikisika. Bibi alikuwa amesimama kati yangu na wao, amenyoosha mikono kama mtu anayezuia mlango. Prossy, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akaweka mkono mdomoni. "Banange, Jjajja! Umewapigia picha ya kanga!" Bibi hakucheka. "Nimwache uchi mbele ya wanaume?" "Hayuko uchi, Jjajja. Amevaa." "Mtu anayetikisika bila akili zake yuko uchi, hata umvishe majuba saba." Nilikuwa nimelala pale na ladha ya damu ulimini, na maneno hayo yaliniingia kuliko sindano. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu cha kuonekana. Mimi mwenyewe sikuwahi kujiona. Tangu skuli, mtu mmoja tu aliniona, na hata yeye, nikafikiri, anaona kanga.

Baadaye nikamsikia Daktari Hatim akizungumza na Bindu mlangoni, kwa Kiarabu cha kuchanganya, nikaambulia ya kutosha. Kitanda kina wengine wanaokingoja. Mistari ya mashine imeonyesha upande wa kulia, karibu na sikio, lakini imechelewa, imechafuka. Kama hakitapatikana kifafa kingine kilicho wazi, ataamini ile harufu, na nyaya za ndani ya fuvu zitaelekezwa hapo. Nilimweleza Bibi. Alifungua kanga kiunoni, akaikunja mara mbili, mara nne, akampa Prossy. "Shika hii, mwanangu. Toka nayo nje. Mikono yangu hainisikii ikiwa karibu." Prossy aliitia kwenye mkoba wake, akasimama nayo kwenye korido, kama anavyosimama kwenye lango la jengo letu.

Safari hii nilikuwa na kijiko mdomoni. "Bibi, ina—" Nikamwona amesimama. Mikono yake ilikwenda kiunoni, haikukuta kitu, ikapanda juu ikabaki hewani, vidole vimeshika pembe mbili za nguo isiyokuwepo. Hakikupasuka kitu. Halikuja giza. Nikasubiri harufu ya udi kama mtu anayesubiri gari kituoni, ikaja ile gundi tu na wali. Na kidole gumba changu cha kushoto kikaanza, kilekile cha shanga, kama kimetiwa kwenye kichuguu. Siafu wakapanda kiganja, wakapanda mkono, na mkono ukawa wa mtu mwingine. Bindu alikuwa ameshaingia ananiuliza jina langu. Sikumtazama. Nilikuwa nikimtazama Bibi, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika maradhi yangu nilikuwa namwona uso. Alikuwa analia bila sauti, midomo inasoma, macho yamenishika yasiondoke. Miaka yote ile nilidhani chini ya kanga niko mimi peke yangu. Kumbe na yeye alikuwa amefunikwa nisimwone.

Daktari Hatim alikuja nilipoweza kusema. Aliuliza harufu ilikuwaje. Nikamwambia hakukuwa na harufu. Akauliza giza. Halikuwepo. Ile sauti je? Nikatikisa kichwa, nyaya zikatikisika. Akavua miwani. Nikamweleza habari ya kidole, kwa aibu, nikidhani namchosha, na nikaongeza kwamba labda ni kwa sababu ya kushona. Daktari akavuta kompyuta karibu na kitanda, akarudisha ile video ya kwanza, akapandisha sauti. Nikaona chumba chetu kutoka juu, kidogo kama sanduku la kiberiti. Nikajiona mimi na nyaya zangu, Bibi na chungwa lake. Nikajisikia nikisema inakuja. Bibi akalitupa chungwa, mikono ikashuka kiunoni, na kwenye spika ndogo ya kompyuta ile, kavu, wazi, ikasikika: pwaa.

Nilipiga kelele. Bindu alidhani kimerudi, akaruka kushika kitufe. "Ndiyo hiyo!" nikasema. "Ndiyo hiyo sauti! Ndiyo inayopasuka!" Daktari akairudisha tena. Pwaa. Nikaona korosho zikinishukia usoni ningali na macho mazima, ningali nafahamu kila kitu. Lile lilikuwa ndilo giza langu. Kisha Daktari akaomba kanga iletwe, na Prossy akaingia nayo kwa viganja viwili kama chombo cha kanisani. Hakuna aliyehitaji kuisogeza puani. Ilikuwa imefukizwa Alhamisi baada ya Alhamisi mpaka ukikaa nayo chumba kimoja kichwa kinauma. Hata hivyo Prossy aliiinamia, akanusa, akamtazama Bibi, akanitazama mimi. "Banange," akasema polepole. "Ruhani ni huyu."

Ninaandika haya nikicheka. Nimwambie nani, aelewe? Mimi nasikia udi kwa sababu amenifunika. Yeye anatia udi kwa sababu nimeusikia. Na daktari mwenye elimu yake yote alikuwa anajiandaa kuufuata udi huo ndani ya fuvu langu. Bibi aliketi kwenye kiti cha wageni. Alionekana mdogo ghafla, kama mtu aliyevuliwa viatu. "Kwa hivyo," akasema, "mie ndiye sheitani mwenyewe?" Nilitaka kushuka kitandani nimkumbatie, nyaya zikanizuia. "Si wewe, Bibi." "Miaka yote namtafuta nani anamsumbua mtoto huyu. Nimemsomea, nimemfukiza, nimemsihi atoke. Kumbe namsihi Shuwena." Daktari Hatim alipiga goti mbele yake, hivyohivyo na koti lake jeupe, akamwambia kwa Kiarabu ambacho hata mimi nilikielewa, kwamba kanga haikusababisha kifafa, wala haikukizidisha, na kwamba kama asingekubali kuivua leo, yeye angekwenda kupasua mahali sipo. Bibi alimtazama. "Basi na wewe, tabibu, ulikuwa unamfuata ruhani," akasema. Daktari akacheka, kwa haya, na hapo Bibi naye akacheka, machozi yakimtoka, na Bindu ambaye hakuelewa hata nusu yake akacheka zaidi yetu sote.

Siku zilizofuata Daktari alinieleza akiwa dirishani, Bibi akinigeuzia maneno, akanionyesha barabara. Ukisimama hapa ukaona foleni, alisema, utadhani ajali iko hapa. Lakini gari lililoharibika liko mbali, kwenye daraja la mbele. Hapa imefika foleni tu. Ubongo ni barabara nyingi zilizoungana, na kifafa changu kilikuwa kinaanza juu, nyuma kidogo, upande wa kulia, panapopokea hisia za mkono wa kushoto, halafu kinakimbia kwa njia zake mpaka karibu na sikio, na mashine ikaona foleni. Nilimwelewa kuliko nilivyomwelewa mwalimu yeyote. Habari za foleni mimi ndizo zangu! Wakaja kuingiza nyaya nyembamba ndani ya fuvu, wakazielekeza huko juu pia, na huko ndiko taa ya kwanza ilikowaka. Akasema wanaweza kupaondoa, ila kidole gumba huenda kikapoteza hisia, labda kwa muda, labda moja kwa moja. Bibi akauliza, "Na shanga zake?" Niliutazama mkono wangu juu ya shuka. Ndio mkono ulionipa jina mtaani, na ndio uliokuwa unanisaliti miaka yote nikiunyonya kidole. Nilisema wachukue. Nilisema haraka, kabla sijaogopa.

Kabla ya siku ya upasuaji Bibi aliirudisha kanga nyumbani akaifua kwa sabuni ya unga, maji baada ya maji, mpaka isinuke kitu, akaianika kwenye reli ya baraza. Kwenye jengo letu kuna kibao kinachokataza nguo barazani, na kazi moja ya Prossy ilikuwa kupiga simu kwenye fleti za watu wasiosikia. Alinieleza baadaye kwamba aliiona kutoka chini, korosho nyekundu zinapepea juu ya foleni ya Sharjah, na msimamizi wake akauliza ile ni ya nani. "Nikamwambia, sir, ile si nguo. Ile ni mgonjwa ameruhusiwa."

Nilipona. Nalisema kwa sauti ndogo mpaka leo, nisije nikakiamsha. Kidole gumba hakikupona. Hakitofautishi shanga na punje ya mchele, nikaiacha sindano. Leseni niliipata miaka mingi baadaye, madaktari waliporidhika, na siku ya kwanza nilimpakia Bibi nyuma kama waziri, akasoma aya zote anazozijua kutoka Al Nahda mpaka Muhaisnah. Sasa napeleka watu vyakula vya kupika nyumbani, sambusa na visheti, na foleni ninayoitukana ni ya kweli. Prossy yuko kwao Uganda. Nilipomwarifu msiba alinitumia ujumbe wa sauti, nikausikiliza jikoni: "Pole sana, dada. Jjajja amekwenda. Huko alikokwenda, sasa nani atafunikwa? Huko kila mtu anaonekana." Halafu akalia, na mwishowe akaimba kidogo.

Wageni walipoondoka alasiri ile nilishuka na kanga mpaka maegesho ya chini ya jengo, nikaingia kwenye gari, nikafunga milango. Nilipoileta usoni nikashtuka: ilikuwa inanuka udi. Bibi alirudia. Baada ya yote yale, baada ya ile sabuni ya unga, aliendelea kuifukiza kimyakimya kila Alhamisi, na hakuniambia. Nafasi ya kukung'uta haikuwepo, lakini niliikung'uta hivyohivyo, ikagonga dari ya gari, pwaa, nikaiacha inishukie kichwani. Likaja giza. Ukaja udi. Nikaweka mkono wa kushoto juu ya usukani, kidole gumba juu, nikasubiri. Pumzi yangu ikapasha kitambaa joto. Kidole hakikusema kitu. Nikakaa hapo chini mpaka giza likaanza kuonyesha rangi, nyekundu kidogo, mahali taa ya maegesho inapopita kwenye korosho. Kisha nikaivua, nikaikunja mara mbili, mara nne, nikajifunga kiunoni chini ya buibui, nikawasha gari.